Kuhani Aliyekemea Kabla ya Kuuliza

Tafakari ya juma. Somo: 1 Samweli 1:9–18

Wenzake walipomaliza kula na kunywa, Hana aliinuka akaingia katika nyumba ya Bwana huko Shilo. Aliomba kimoyomoyo: midomo ilicheza, sauti haikusikika. Mzee Eli, kuhani, alikuwa ameketi kitini pake penye mwimo wa mlango, akawa anamtazama kinywa. Hakuhitaji zaidi ya hapo. Alikata shauri kwamba mama huyu amelewa, akamkemea na kumtaka aachane na mvinyo wake.

Somo hili huwa tunalihubiri Jumapili ya akina mama, tukimsifu Hana aliyeomba mpaka akampata Samweli. Juma hili nataka tumtazame yule mzee kitini. Eli hakuwa mgeni wa kazi. Siku za sikukuu watu walipanda Shilo, wakala, wakanywa, na bila shaka walevi walipita mlangoni pake miaka nenda miaka rudi. Alikuwa anamjua mlevi kwa kumwangalia tu, na uzoefu huo ndio uliomponza. Hakuona haja ya kuuliza.

Sisi wa Kisian tunakaa jirani na watu ambao kazi yao ni kuuliza. Kituo cha utafiti cha KEMRI kiko hapa hapa kwetu, na ni maboma machache yasiyowahi kutembelewa na kijana mwenye mkoba na tableti. Mnamjua anavyofanya. Anabisha hodi, anapewa kigoda chini ya mwembe, na kabla ya jambo lolote anasoma karatasi ya ridhaa: una haki ya kukataa, una haki ya kuacha katikati, hutanyimwa huduma yoyote kwa sababu umekataa. Ndipo anauliza nani alilala ndani ya neti usiku wa jana, nani alikuwa na homa, mtoto alinyonya mpaka lini. Anaandika alichoambiwa, hata kama sicho alichokitarajia. (Nichomekee hapa: sijasikia mshiriki hata mmoja aliyewahi kuambiwa na kanisa kwamba ana haki ya kukataa.)

Kwa kuuliza hivyo, mambo makubwa yamejulikana. Katika miaka ya mwisho ya 1990 watafiti waligawa neti zenye dawa kijiji hadi kijiji huko Asembo na Gem, wakahesabu watoto, ikathibitika kwamba penye neti vifo vya watoto vilipungua. Lakini neti, ndugu zangu, ni kazi nyepesi. Mbu hana mtetezi kijijini. Hakuna anayemkumbuka mbu kwa furaha Ijumaa jioni, wala anayelipia karo kwa kumuuza. Pombe ina wapenzi, ina wauzaji, ina nyimbo zake na mahali pake matangani. Mtu anayeichunguza pombe anamwuliza mwenzake habari za kitu anachokipenda na kukionea haya kwa wakati mmoja. Nataka niwasimulie habari za profesa mmoja aliyeitumikia kazi hiyo maisha yake yote.

William Miller alikuwa bado mwanafunzi wa saikolojia, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipokwenda kufanya mazoezi ya kazi katika hospitali ya wanajeshi wastaafu mjini Milwaukee, Marekani. Alipoingia kwa wagonjwa wa pombe hakuwa na la kuwaambia, kwani hakuwa amesomea ulevi. Basi alikaa nao, akawauliza walifikaje pale, nao wakamsimulia. Baadaye alipofungua vitabu alikuta vimeandika kwamba mlevi ni mwongo, hukana hali yake, na dawa yake ni kubanwa mpaka akubali. Alishangaa. Watu aliokaa nao hawakuwa hivyo.

Akaja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha New Mexico, na miaka yote hiyo swali lake halikubadilika sana: ni kitu gani hasa humsaidia mtu kubadilika? Utafiti aliouchapisha na wenzake mwaka 1980 ulimpa jibu ambalo yeye mwenyewe hakulitegemea. Watu wenye shida ya pombe waligawanywa, wengine wakapewa washauri, wengine wakapewa kitabu cha kujisaidia waende nacho nyumbani. Kwa wastani, wenye kitabu hawakuachwa nyuma. Walipochunguza mshauri mmoja mmoja, hata hivyo, waliona tofauti kubwa. Wale waliojua kusikiliza na kuingia katika hali ya mtu waliwafaa sana wateja wao, na baada ya miezi sita hivi, karibu theluthi mbili ya tofauti ya unywaji wa wateja ilitokana na jambo hilo moja. Wateja wa mshauri asiyejua kusikiliza, kwa upande wao, waliishia pabaya kuliko waliopewa kitabu peke yake. Afadhali wasingekutana naye.

Mwaka 1982 Miller alikuwa Norway kwa likizo ya masomo. Wanasaikolojia wa huko walimwomba aonyeshe anavyozungumza na mteja, kisha wakawa wanamkatiza: kwa nini umeuliza hilo, kwa nini hapa umenyamaza? Kwa kuwajibu alilazimika kueleza waziwazi kile alichokuwa akikifanya kwa mazoea, na mwaka uliofuata akakichapisha. Mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakakitolea kitabu. Kiini chake ni kwamba sababu za kuacha pombe zitoke kinywani mwa mnywaji mwenyewe. Mshauri anauliza, anasikiliza, anamrudishia mtu maneno yake ili ayasikie. Ukimshambulia, atajitetea, na kila anapojitetea anajisikia mwenyewe akitoa hoja za kuendelea kunywa. Mwishowe anaziamini.

Utafiti mwingine wa Miller na wenzake, wa mwaka 1993, ndio ulionikaa moyoni. Walirekodi mazungumzo ya washauri na wateja, wakapima ni mara ngapi mshauri alimkabili mtu kwa kumbishia na kumbana. Kadiri mshauri alivyombana, ndivyo mteja alivyokunywa zaidi mwaka mmoja baadaye.

Nawaomba wahubiri wenzangu waisome tena sentensi hiyo kabla ya kupanda mimbarani.

Atakayesema haya ni ya Wazungu, namwambia asubiri kidogo. Yako maswali kumi ya kupima unywaji, yanayoitwa AUDIT, ambayo wahudumu wa afya huyatumia duniani kote. Yalitayarishwa kwa mradi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1993, na Kenya ni mojawapo ya nchi 6 yalikotengenezewa, pamoja na Australia, Bulgaria, Mexico, Norway na Marekani. Majibu ya wagonjwa wa Kenya yamo ndani ya kipimo anachokitumia daktari wa London leo. Mtu huulizwa hunywa mara ngapi, na siku ya kunywa hunywa kiasi gani. Je, akishaanza hushindwa kuacha? Ameshindwa kutimiza yaliyo wajibu wake? Huhitaji kuzimua asubuhi ili aweze kuianza siku? Husahau yaliyotokea usiku? Kuna mtu aliyeumia kwa sababu ya kunywa kwake? Ndugu au daktari amewahi kumwambia apunguze? Kila jibu lina alama, jumla hufika 40, na kuanzia 8 mhudumu anatakiwa akae na mtu huyo wazungumze.

Katika maswali hayo 10, moja tu linauliza kama mtu huona hatia au majuto baada ya kunywa. Sisi kanisani tunaanzia hapo na kuishia hapo. Mtu anaweza kuja mbele kutubu Jumapili baada ya Jumapili, akalia, akashikwa mkono na kupigiwa makofi, na asipatikane mzee wa kanisa hata mmoja wa kumwuliza kama mikono yake hutetemeka asubuhi.

Sasa tupande Eldoret. Rebecca Papas, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Brown, alifika kufanya kazi na kliniki za AMPATH zinazowahudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Alishirikiana na wasomi wa Chuo Kikuu cha Moi, akina Joyce Baliddawa na David Ayuku. Tatizo lao la kwanza lilikuwa kupima. Huko Ulaya na Marekani huhesabu chupa. Utahesabu nini kwa wazee wanaozunguka chungu kimoja cha busaa, kila mmoja na oseke yake, mrija wa kunywea? Chang'aa nayo huuzwa kwa glasi ambayo ujazo wake anaujua mama pima anayeiuza peke yake. Walipopima vinywaji vyenyewe walikuta busaa ina kileo cha asilimia 4 hivi, na chang'aa asilimia 34 hivi. Kisha, katika makala waliyoitoa mwaka 2010, wakapendekeza jambo ambalo mchuuzi yeyote wa omena angewaambia: usimwulize mtu amekunywa lita ngapi, mwulize ametumia shilingi ngapi. Aliyelewa anaweza kusahau njia aliyorudia nyumbani. Noti ya mia mbili iliyomtoka mfukoni anaikumbuka, na mkewe anaikumbuka zaidi.

Hapo ndipo naona heshima ya kazi hii. Watu wenye shahada kubwa kubwa walitumia muda wao kujua oseke ni nini na glasi inauzwaje, kwa sababu waliona kwamba swali lisilolingana na maisha ya anayeulizwa litaleta jibu la uongo bila mtu yeyote kukusudia kudanganya.

Wakaandaa vikao 6, kimoja kila juma, wanaume kivyao na wanawake kivyao, kwa Kiswahili. Viongozi hawakuwa madaktari bali washauri wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Watu walijifunza kutambua saa, mahali na marafiki wanaowaponza, na kujizoeza kukataa. Mnajua kwetu kukataa kinywaji ulichokaribishwa si jambo dogo; ni kama kumkataa mwenye boma. Katika jaribio la kwanza, lililochapishwa mwaka 2011, walikuwamo watu 75. Siku 90 baadaye, asilimia 69 ya waliopitia vikao walisema hawanywi, na kwa waliopata huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 38. Jaribio kubwa lenye watu 614 likachapishwa mwaka 2021, na hapo pia waliopitia vikao walipunguza siku za kunywa na kiasi cha kunywa kuliko waliofundishwa mambo ya afya kwa jumla. Kutoka kupima busaa hadi hapo ni zaidi ya miaka kumi. Profesa wa namna hii hapati siku ya kukata utepe. Furaha yake ni mtu fulani, asiyetajwa jina popote, aliyekuwa akinywa siku 6 za juma na sasa anakunywa 2.

Kwa hilo la kupunguza, najua baadhi yenu hamtakubaliana nami. Ndugu zetu Waadventista hawagusi kabisa, na wana ushuhuda mzuri. Mimi pia nahubiri kuacha kabisa wala sina mpango wa kubadili. Ila nikiulizwa kama siku 5 za utulivu ndani ya nyumba hazina thamani mpaka zifike 7, nitasema mwulizeni mtoto wa nyumba hiyo.

Turudi Shilo. Hana hakukasirika. Alimjibu kuhani kwa adabu kwamba hakunywa divai wala kileo, kwamba yeye ni mwanamke mwenye huzuni na alikuwa akimimina nafsi yake mbele za Bwana, na akamwomba asimhesabu kuwa mwanamke asiyefaa. Eli angeweza kung'ang'ania neno lake, maana wazee wengi hufanya hivyo. Hakufanya. Alimwambia aende kwa amani, akamwombea apewe alichokiomba. Simhesabu Eli kuwa kuhani mbaya. (Nyumbani kwake mwenyewe, walikokuwa wanawe Hofni na Finehasi wakiiba nyama ya sadaka, ndiko alikochelewa kukemea. Hilo tutalisoma sura ya pili.)

Swali ambalo sijasikia likiulizwa juu ya somo hili ni hili: na kama Hana angekuwa amelewa kweli? Penina, mke mwenza wake, angekuwa bado anamchokoza mwaka hadi mwaka. Tumbo lingekuwa bado limefungwa. Machozi yangekuwa yale yale, na mvinyo juu yake. Mithali 31 inatambua kwamba yupo anywaye ili ausahau umaskini wake na asiikumbuke taabu yake tena. Mwandishi hakumsifu mtu huyo wala hakumtukana, alieleza kwa nini anakunywa. Mtu aliyelewa kweli alistahili kuulizwa kuliko Hana, kwa kuwa Hana angalau alikuwa na maneno ya kujieleza.

Kwa hiyo naomba jambo la kwanza, na hili ni la kuokoa maisha, msilipite. Katika mikutano ya injili huwa tunamwombea mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, anatangaza kwamba ameacha, anapelekwa nyumbani kwa shangwe. Kesho yake anaanza kutetemeka na kutokwa jasho. Siku hiyo au ya pili anaweza kupata kifafa. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona watu na wadudu wasiokuwapo, moyo ukienda mbio. Jamaa husema pepo wanapigana wasitoke, na mtu hufungiwa chumbani akiombewa. Hiyo ni ishara ya mwili uliozoea pombe kunyimwa pombe ghafla, na huua. Hospitalini kuna dawa za kumshusha polepole, pamoja na vitamini ya kuukinga ubongo. Mwombeeni, ndiyo, lakini ndani ya gari mkielekea hospitali. Mtu anayezimua kila asubuhi asiambiwe aache leo leo bila kuonwa na daktari kwanza. Mwenye kuhitaji msaada anaweza pia kupiga simu ya NACADA, namba 1192, haina malipo.

La pili ni gumu zaidi, nalo ni mama pima. Tangu mwaka 1980 chang'aa ilikuwa haramu, mpaka sheria ya mwaka 2010, ile tunayoiita ya Mututho, ikairuhusu kwa masharti ambayo mwanamke mwenye pipa nyuma ya jiko hawezi kuyatimiza. Mnajua pipa hilo. Sukari nguru imechachuka siku kadhaa, moto wa kuni uko chini, bomba limepitishwa ndani ya maji baridi, na tone la kwanza linawashiwa kiberiti kuona kama litashika. Na kando ya barabara ya Busia kuna kiwanda kizima kilichojengwa kugeuza molasi kuwa spiriti, kwa leseni na mlinzi getini. Sisemi pipa na kiwanda ni sawa. Pombe isiyokaguliwa inaua. Februari 2024 huko Kangai, Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa. Nasema tu kwamba mama huyu naye hajaulizwa. Chifu humwaga pipa lake na mhubiri humtaja bila kumtaja jina. Naye Jumapili huketi safu ya tatu kutoka nyuma, na bahasha yake ya ujenzi huja imejaa kuliko za walimu.

Tunapokea bahasha hiyo. Tunaiombea pamoja na nyingine, na mhubiri aliyetoka kulaani chang'aa dakika ishirini kabla huinua kikapu juu. Wako wanaosema turudishe fedha hizo. Mimi napinga, kwa sababu ya karo iliyo nyuma yake na kwa sababu kurudisha fedha ni njia rahisi ya kutokukaa naye. Napendekeza wazee wawili, mmoja wao mwanamke, waende kwake siku ya kazi, wasiende na Biblia mkononi, wamwombe ridhaa kama yule kijana wa tableti: ana haki ya kukataa. Wamwulize pipa linampa shilingi ngapi kwa juma, watoto wangapi wako shuleni kwa fedha hiyo, na ni kazi gani angeifanya kama mtaji ungepatikana. Waandike anachosema. Baraza la wazee linakutana Jumamosi saa tisa, na jambo hili nimeliweka la kwanza kwenye ajenda, kabla ya mabati.